Santuri Inapovuma: Jinsi ya Kuitenga Sindano na Spika

Kama nyumbani kwenu bado kuna gramafoni inayotumia amplifaya na spika, huenda tatizo hili unalijua. Santuri inacheza vizuri sauti ikiwa ndogo. Wageni wakifika, mtu anapandisha sauti ili wote wasikie. Gitaa la besi linaanza kuvuma, mvumo unakua, na mara chumba kizima kinanguruma kana kwamba lori limewashwa uani. Wapo watakaosema spika imekufa, na wapo watakaosema santuri imechakaa. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Kinachotokea ni kwamba spika inaitikisa sindano, na sindano inairudishia spika mtikisiko huohuo.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu hautibiwi kwa kununua mashine mpya. Unatibiwa kwa kupanga vitu upya chumbani, na ikibidi, kwa tofali, ubao na tyubu ya baiskeli, yaani vitu ambavyo mkazi wa Ziba, Nkinga au Igunga anavipata bila kusafiri. Katika makala hii tutaita sahani yenyewe santuri, na mashine inayoicheza tutaiita gramafoni.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mkoa wa Tabora una deni kwa santuri. Bendi kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilitoka hapa, na nyimbo zao zilisikika mbali na Unyanyembe kwa njia mbili: redio na santuri. Zama zile bendi nyingi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri zao zilichapwa Nairobi. Nyingi zilikuwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Kwa kuwa upande mmoja haukutosha wimbo mrefu wa dansi, wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Santuri zilizokuwa zikitoka Nairobi zikawa adimu, na kanda za kaseti zikashika nafasi yake. Kwa hiyo santuri iliyobaki kwenye sanduku la babu au kabati la shangazi huenda imekaa huko miaka 40 au zaidi, na huenda hakuna nyingine ya namna hiyo kijijini kwenu.

Hapo ndipo mtetemo unapokuwa jambo zito. Ngurumo inaudhi masikio, lakini sindano inayoruka inafanya jambo baya zaidi: inakwaruza. Mkwaruzo wa santuri hauna dawa. Ukishaingia, utausikia kila mara wimbo ukifika mahali hapo, na kila atakayeurekodi wimbo kutoka kwenye santuri hiyo ataurekodi pamoja na mkwaruzo wake.

Sindano haijui muziki, inajua kutikisika tu

Ukiitazama santuri kwa karibu utaona mistari myembamba. Kwa kweli upande mmoja una mfereji mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Upana wake unakaribia ule wa unywele wa mtu. Kuta za mfereji huo zimepindapinda, na mipindo hiyo ndiyo muziki. Santuri inapozunguka, ncha ya sindano inasukumwa huku na huku na mipindo hiyo. Kichwa cha sindano kinageuza mtikisiko huo kuwa umeme mdogo sana. Amplifaya inaukuza umeme huo, na spika inaugeuza tena kuwa mtikisiko, safari hii wa hewa. Hewa hiyo ikifika sikioni, tunasema tumesikia gitaa.

Sasa zingatia neno hili: mtikisiko. Sindano haina akili ya kutofautisha mtikisiko uliotoka kwenye mfereji na mtikisiko uliotoka mezani. Mtoto akigonga mguu wa meza, sindano inatikisika, na spika inasema "du". Mtu akipita kwa kishindo, vilevile. Mota ya gramafoni yenyewe ikiwa inatetemeka, vilevile. Sindano ni sikio linalosikia kila kitu kinachogusa mashine.

Na katika chumba chenye muziki, kitu kinachotikisa zaidi kuliko vyote ni spika.

Duara linalojilisha

Kila aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa hadhara, kanisani au msikitini amesikia maiki ikipiga filimbi. Msemaji anasogea mbele ya spika, maiki inasikia sauti ya spika, inaipeleka kwenye amplifaya, spika inaitoa kubwa zaidi, maiki inaisikia tena. Sauti inazunguka na kila mzunguko inaongezeka, mpaka watu wanaziba masikio. Fundi hufanya moja kati ya mambo mawili: anapunguza sauti, au anaisogeza maiki mbali na spika.

Gramafoni hufanya vivyo hivyo, na hapa sindano ndiyo maiki. Spika inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inapeleka mtikisiko kwenye amplifaya, na spika inaitikisa meza kwa nguvu zaidi. Duara hili likipoteza nguvu kila linapozunguka, hutasikia kitu, au utasikia besi imekuwa nzito kuliko kawaida. Likiongeza nguvu kila linapozunguka, ngurumo inaanza na haitakoma mpaka upunguze sauti au uinue sindano. Ndiyo maana mashine ileile inacheza vizuri sauti ikiwa ndogo, kisha inachafuka ghafla ukigusa kitufe cha sauti kidogo tu. Umevuka mpaka.

Gramafoni ya zamani ya kuzungusha mpini haina tatizo hili. Ile haina amplifaya. Sauti yote inatoka kwa nguvu ya sindano yenyewe na kukuzwa na pembe au boksi, kwa hiyo hakuna wa kuongeza nguvu kwenye duara.

Lakini kwa nini maiki inapiga filimbi nyembamba, na gramafoni inanguruma kwa sauti nene? Sababu kuu ni mbili. Ya kwanza, meza, makabati na mkono wa sindano hupenda kutikisika polepole. Mkono wa sindano wa kawaida ukisukumwa hucheza mara 8 hadi 12 kwa sekunde, chini ya sauti nene kabisa ambayo sikio la mtu linaweza kuisikia. Kitu kinachopenda kucheza polepole huitikia sauti nene kuliko sauti nyembamba.

Sababu ya pili imo ndani ya santuri. Sauti nene zikichongwa kwa ukubwa wake halisi, mipindo ya mfereji ingekuwa mipana mno, ikamaliza nafasi kwenye santuri na kuirusha sindano. Kwa hiyo wachapaji huzipunguza sauti nene wakati wa kuchonga, na amplifaya yenye tundu la gramafoni huzirudisha wakati wa kucheza. Kwa kipimo kilichokubaliwa duniani tangu miaka ya 1950, sauti nene kabisa hukuzwa karibu mara 10 kuliko sauti za katikati. Amplifaya haijui ni besi ipi imetoka kwa mpiga gitaa na ipi imetoka kwenye mguu wa kabati. Inazikuza zote.

Pima kabla ya kutibu

Kila mvumo una chanzo chake. Usianze kupanga matofali kabla hujajua una ugonjwa gani. Fanya majaribio haya manne kwa utulivu.

*Inua sindano, acha sauti palepale.* Kama mvumo unaendelea hata sindano ikiwa juu, tatizo si mtetemo. Ni mvumo wa umeme: waya wa erthi wa gramafoni haujafungwa kwenye amplifaya, waya wa sauti umelegea, au inveta ya sola inapeleka umeme mchafu. Matofali hayatasaidia hapo.

*Weka sindano kwenye santuri iliyosimama.* Chagua santuri usiyoijali. Mota ikiwa imezimwa, teremsha sindano taratibu, kisha pandisha sauti kidogo kidogo. Ngurumo ikianza ilhali santuri haizunguki, umelikamata duara lenyewe. Punguza sauti mara moja, kwa maana ngurumo ya muda mrefu inaweza kuunguza spika.

*Gonga meza kwa kidole.* Santuri bado imesimama na sauti ni ya wastani. Gonga meza polepole, kisha sakafu kwa kisigino, kisha ukuta. Mahali panapotoa "du" kubwa kwenye spika ndipo mtetemo unapopita. Sasa unajua njia ya kuziba.

*Washa mota, sauti ikiwa ndogo.* Ukisikia mngurumo mdogo usiokua hata ukisubiri, na unakoma ukizima mota, hiyo ni mota au bea ya sinia linalobeba santuri. Mkanda uliochakaa, mpira uliokauka au bea isiyo na mafuta ndiyo sababu za kawaida. Hiyo ni kazi ya fundi.

Hatua za kutibu, kuanzia ile isiyo na gharama

*Hatua ya kwanza: tenganisha.* Spika na gramafoni visikae juu ya kitu kimoja. Katika nyumba nyingi gramafoni imewekwa juu ya kabati la sebuleni, na spika zimekaa kushoto na kulia kwake juu ya kabati hilohilo, kwa sababu ndivyo inavyopendeza. Kabati ni boksi la mbao lililo wazi ndani, na boksi la namna hiyo ni ngoma. Shusha spika, ziweke kwenye stuli au kwenye matofali sakafuni, mbali na kabati. Mara nyingi ngurumo itaishia hapo.

Kama una gramafoni ndogo ya betri ambayo spika yake imo ndani ya kifuniko, tazama kama kifuniko kinatoka. Kikiwa kinatoka na waya wake ni mrefu, kiondoe na ukiweke mbali kadiri waya unavyoruhusu, kwenye kiti kingine. Ukikiacha kimeegemea mashine, umeacha duara wazi.

*Hatua ya pili: geuza na sogeza spika.* Spika isiielekee gramafoni. Pia usiibane spika kwenye kona. Kona ya kuta mbili hukusanya besi na kuifanya nzito. Ivute mbele ya ukuta kwa hatua moja, kisha sikiliza tena. Utashangaa: besi itapungua unene, lakini utaanza kusikia noti za mpiga besi moja moja badala ya mvumo.

*Hatua ya tatu: chagua mahali pa mashine.* Sakafu ya udongo ulioshindiliwa au ya saruji iliyolala juu ya ardhi ni rafiki wa santuri, kwa sababu haichezi. Wenzetu wanaokaa ghorofani kwenye nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako sakafu imebebwa na boriti, wana kazi kubwa zaidi, kwani kila hatua ya mtu inaweza kufika kwenye sindano. Kwetu sakafu ni nzuri. Mara nyingi tatizo ni meza. Meza yenye mguu mmoja mfupi itayumba kila mtu akipita. Tia kipande cha mti chini ya mguu huo mpaka itulie kabisa. Meza fupi na nzito ni bora kuliko ndefu na nyepesi.

Hakikisha mashine imelala sawa. Azima pima maji ya mwashi, iweke juu ya sinia, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Mashine iliyoinama huusukuma mkono wa sindano upande mmoja, na mkono unaosukumwa huruka upesi zaidi ukitikiswa.

*Hatua ya nne: uzito juu, ulaini chini.* Kama hatua tatu za kwanza hazikutosha, sasa jenga kitanda cha mashine. Fikiria lori kwenye barabara ya makorongo. Likiwa tupu linarukaruka mpaka mfungaji anashika vyuma. Likiwa limejaa magunia linatulia, ingawa springi ni zilezile na makorongo ni yaleyale. Mzigo mzito juu ya springi laini hauwahi kufuata kila tikisiko la haraka. Hiyo ndiyo kanuni tunayoitaka.

Chukua ubao mnene, au jiwe bapa, au tofali pana la saruji, lenye kutosha gramafoni nzima. Chini yake weka tyubu ya baiskeli ndogo iliyojazwa upepo kidogo tu, kiasi cha ubao kuelea bila kugusa meza. Juu ya ubao weka gramafoni. Bonyeza ubao kwa kiganja na uachie. Ukipanda na kushuka polepole, kama mtoto anayebembelezwa, umepatia. Ukitetemeka haraka haraka, upepo umezidi, au ubao ni mwepesi mno. Springi ngumu kiasi hicho inaweza kucheza pamoja na mkono wa sindano na kuongeza tatizo badala ya kulipunguza. Toa upepo, au ongeza uzito. Halafu rudisha pima maji, maana tyubu hupenda kuinama upande wenye mota.

Usipokuwa na tyubu, kata vipande vinne vya sponji ya godoro vinavyolingana, uviweke kwenye pembe nne za ubao. Sponji iliyobonyezwa ikalala kabisa haifanyi kazi. Chagua iliyobaki na unene walau nusu. Kumbuka kwamba sponji peke yake chini ya mashine nyepesi haisaidii sana. Uzito na ulaini hufanya kazi vikiwa pamoja.

Kuna jambo moja la kutazama kabla. Baadhi ya gramafoni zimetengenezwa na springi zake chini ya sinia au kwenye miguu. Ukibonyeza sinia kidogo, utaona linaelea. Mashine hiyo haihitaji tyubu. Iweke juu ya kitu kigumu kilichotulia, na acha springi zake zifanye kazi.

*Hatua ya tano: tuliza vinavyogonga.* Mabati, silingibodi, vikombe vya kabatini na fremu za picha ukutani hulia besi ikiwa kubwa. Hivyo haviitikisi sindano sana, lakini huchafua unachokisikia, na mtu hudhani santuri ndiyo mbovu. Weka kitambaa kati ya vikombe. Kifuniko cha plastiki cha gramafoni nacho hupokea sauti kama ngozi ya ngoma. Kiondoe wakati wa kucheza, ukirudishe mara tu unapomaliza, kwa sababu vumbi letu la kiangazi ni adui wa mfereji kuliko hata mvumo.

Usifanye haya

Usiweke sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Ni desturi ya miaka mingi, na ni kweli kwamba sindano itaacha kuruka kwa muda. Lakini sindano nyingi za sumaku zimetengenezwa kukandamiza kwa gramu 1.5 hadi 3 tu, uzito wa punje chache za mahindi. Sarafu moja inaweza kuzidisha mzigo huo mara mbili au zaidi. Sindano inatulia kwa kuwa sasa inalima. Kila mara unapocheza, sauti za juu zinafutika: kwanza matoazi, kisha makali ya gitaa. Kama sindano inaruka, tafuta kwanza mtetemo, kisha vumbi, kisha meza iliyoinama. Uzito wa sindano urekebishwe kwa kufuata kipimo cha sindano yenyewe.

Usilifunike tatizo kwa kupunguza besi kwenye amplifaya ukaona umemaliza. Ngurumo itapungua, lakini mtetemo bado unafika kwenye sindano na bado unaweza kuirusha.

Usicheze santuri za zamani za mizunguko 78 kwa sindano ya santuri za kisasa, wala usiweke santuri za plastiki kwenye gramafoni ya mpini yenye sindano ya chuma. Santuri za 78, za aina aliyorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, zina mfereji mpana na huvunjika kama kigae. Sindano nyembamba huzama chini ya mfereji huo na kukwaruza. Nayo sindano ya chuma ya gramafoni ya mpini huibomoa santuri ya plastiki kwa mchezo mmoja tu.

Ukitaka kunakili, zima spika

Wengi wanaotoa santuri sandukuni siku hizi wanataka jambo moja: wimbo uingie kwenye simu, uwafikie ndugu walioko Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo. Wanachofanya ni kupandisha sauti na kuweka simu mbele ya spika. Matokeo yake ni besi iliyovimba, kuku wa uani, pikipiki inayopita, na pengine sindano kuruka katikati ya wimbo kwa sababu ya sauti ileile iliyopandishwa.

Kama umelielewa duara, jibu unalo tayari. Duara linahitaji spika. Bila spika hakuna duara. Amplifaya nyingi za zamani zina matundu nyuma yaliyoandikwa TAPE au REC, ambayo hutoa sauti ya santuri hata kitufe cha sauti kikiwa chini kabisa. Mwombe fundi redio akutengenezee waya kutoka kwenye tundu hilo hadi kwenye kompyuta au simu. Mweleze kwamba ni kwa ajili ya simu, kwa maana tundu la maiki la simu linahitaji sauti iliyopunguzwa nguvu, la sivyo itakwaruza. Kisha punguza spika mpaka zinyamaze, sikiliza kwa hedifoni, waambie watoto wakacheze nje, na uteremshe sindano mara moja.

Usipopata waya, tumia simu, lakini kwa busara. Sauti iwe ndogo. Simu ilale juu ya mto, hatua moja mbele ya spika, wala isiwe juu ya meza ya gramafoni. Funga mlango. Rekodi pande zote mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na uandike kwenye jina la faili maneno yote yaliyo kwenye lebo ya santuri: jina la wimbo, la bendi, na namba iliyochapwa. Bila namba hiyo, mtu atakayekuja baadaye hatajua ni santuri ipi.

Ukimaliza, ifute santuri vumbi kwa kitambaa laini kikavu, ukifuata mzunguko wa mfereji, irudishe kwenye bahasha yake, na uisimamishe wima kama kitabu mahali pasipopigwa na jua. Santuri iliyolazwa chini ya mzigo au kuachwa juani hupinda. Santuri iliyopinda huirusha sindano kila inapozunguka, na mrusho huo hauzuiliwi na tofali wala tyubu.